Moto Ndani ya Mdomo

Ipo asubuhi moja, mwanangu, ambayo haijanitoka akilini mpaka leo. Nilikuwa nimekaa ufuoni mwa ziwa, chini ya mtaa wa Otonglo, pamoja na wanawake wenzangu wauza samaki, na nilikuwa na hakika kwamba nitakufa kabla ya saa sita. Sikuwa mgonjwa. Sikuwa na njaa wala sikuwa nimefiwa. Nilikuwa nataka sigara.

Nakuandikia haya kwa sababu mama yako ameniambia umeacha sigara wiki hii, na kwamba tangu uache husemeshwi. Anasema jana ulimfokea jogoo. Nilicheka mpaka miwani ikaanguka, kisha nikaacha kucheka, maana nilikumbuka nilivyokuwa mimi mwenyewe. Mimi nilimfokea mwalimu wa kwaya, mbele ya kwaya nzima, kwa kosa la kukohoa. Kwa hiyo usione haya. Keti nikusimulie.

Kwanza lazima ujue sisi tulivyokuwa tunavuta, maana vijana wa siku hizi mkisikia mnadhani nimetunga. Wanawake wa ufuoni tulivuta kinyume. Unaiwasha sigara, unaigeuza, unaingiza ule upande wenye moto mdomoni na kufunga midomo juu yake. Nje kinabaki kipande cheupe kidogo tu. Usiniulize tulifanyaje tusiungue ulimi; mtu hujifunza. Na tulikuwa na sababu zetu. Mikono ya mtoa magamba ina maji na utelezi kutwa nzima, haiwezi kushika sigara. Upepo wa ziwa huila sigara upesi kuliko mvutaji. Tena majivu yakidondoka juu ya samaki wa mteja, mteja anakwenda kwa jirani. Moto ukiwa ndani, mikono iko huru, na sigara moja inakutosha kumaliza karai zima la samaki.

Nami sikufundishwa na rafiki mbaya, kama wahubiri wanavyopenda kusema. Nilifundishwa na heshima. Nilipoolewa kutoka Sondu, miaka ya themanini ikiwa bado michanga, nilipika kwanza jikoni kwa mama mkwe, kama desturi yetu ilivyo, kabla ya kupewa jiko langu. Watoto walipokuja tukamwita Dani, yaani bibi, nami nitamwita hivyo hapa. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya kuita mashua irudi. Hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Nyar Sondu, binti wa Sondu. Basi kila nikiinama mekoni, alinyoosha mkono kutoka kwenye kigoda chake na kusema, "Nyar Sondu, niwashie." Sasa, huwezi kuwasha sigara kwenye kaa la moto bila kuivuta. Na mke mgeni hamwambii mama mkwe hapana. Nikavuta, nikakohoa mpaka machozi yakanitoka, Dani akacheka akasema moshi umenijulia hali. Kufikia siku niliyopewa jiko langu, nilikuwa nawasha mbili: yake na yangu.

Mume wangu, Baba Akinyi, hakuvuta. Alikuwa mpakiaji mizigo bandarini, mtu wa maneno machache, Mungu amrehemu. Kila tukikaa kula alikuwa na tabia moja iliyonichosha: anachukua kikombe cha maji na kumimina kidogo kwenye mchuzi wake kabla hata ya kuonja. Mimi nilidhani ni mazoea ya utotoni. Dani alisema ni ubahili, kwamba mwanawe anataka mchuzi uwe mwingi. Hilo la maji liweke pembeni, tutalirudia.

Miaka ikaenda. Katika ile miaka ya tisini ambayo gugu maji lilianza kufunga ghuba yetu, chai ya moto ilianza kunichoma huku juu, kwenye kaakaa. Nikabadilisha upande wa kunywea. Nikaipuliza chai mpaka ikapoa kabisa. Mwishowe nikaenda hospitali mjini, na daktari mmoja, msichana ambaye ningeweza kumzaa, akanifungua mdomo na kumulika kwa tochi. 

"Mama, wewe unavuta moto ndani?"

Nikatikisa kichwa kukubali, maana kidole chake kilikuwa bado mdomoni mwangu.

"Hapa juu pamekuwa peupe, na kuna mahali pameanza kuwa pagumu. Kwa vile naona, bado si ile mbaya. Ukiacha sasa, kuna nafasi nzuri ya hapa kupona. Ukiendelea, tutafika mahali pa kukata, Mama, na sitaki tufike huko na wewe. Mvua ya masika ikiisha, rudi niangalie tena."

Mwanangu, mdomo wangu ndio ulikuwa duka langu. Kwa huo niliita wateja, kwa huo nilivutana bei na wenye mashua, kwa huo niliimba sauti ya kwanza kanisani. Nilitoka pale nikiwaza nitauzaje samaki bila kaakaa, nani atanielewa nikisema. Nililia njiani waziwazi, na sigara nilizokuwa nazo nikazitupa mtaroni.

Sasa sikiliza kosa nililoanza nalo, huenda na wewe unalipanga. Nilikimbilia Sondu kwa dada yangu. Kule hakukuwa na ufuo, hakukuwa na wenzangu, hakukuwa na Dani. Nililima, nikachuma mboga, nikalala. Hamu ilikuja, lakini ilikuja kinyonge, haikujua mahali pa kukaa. Nikajiona nimeshinda. Nikarudi ufuoni nikitamba, na asubuhi ile ile, karai la samaki likiwa mbele yangu na mikono imelowa, rafiki yangu Auma akanichomekea sigara mdomoni bila kuuliza, kama tulivyozoea kusaidiana mikono ikiwa michafu. Niliivuta mpaka mwisho. Sikumlaumu Auma. Hamu yangu haikuwa Sondu. Ilikuwa imeningoja pale pale nilipoiacha, kwenye karai, kwenye maji, kwenye ubaridi wa kungoja mashua.

Nikaanza upya, safari hii hapo hapo nyumbani. Wuololo! Siku za mwanzo mdomo haukujua kazi yake. Taya zilitafuna hewa. Usingizi ulinikimbia nikiuhitaji, kisha ukanikamata sokoni mchana kweupe. Mteja akiuliza bei mara ya pili, nilihisi amenitukana. Nikajikata kidole, mimi niliyeweza kutoa magamba nimefumba macho. Na hamu yenyewe haikupiga hodi. Ilikuja yote kwa pamoja, ikajaa kifuani, ikaniambia kwamba nitakuwa hivi milele na dawa ni moja tu. Hiyo milele ndiyo iliyonitisha. Mtu anaweza kuvumilia kitu kinachouma. Asichoweza ni kuambiwa hakitaisha.

Nikaacha kuingia jikoni kwa Dani. Nilijua akisema "niwashie" nitawasha, na nikiwasha nimekwisha. Kumwambia ukweli sikuthubutu, maana ningeonekana namlaumu. Basi nikawa napeleka chakula chake, nakiweka mlangoni, nasingizia wateja, natoka mbio.

Ndipo ikafika asubuhi niliyokutajia. Tulifika ufuoni tukakuta ziwa halipo. Gugu maji lilikuwa limejaa kutoka miguuni petu mpaka mbali, kijani kitupu, ungedhani ni shamba la mtu. Mashua zenye samaki zilikuwa nje yake, tunaziona, tunasikia hata wavuvi wakiongea, lakini hakuna aliyeweza kuingia. Hakuna samaki, hakuna kazi. Wanawake wakakaa chini na kuwasha sigara zao. Nami nikakaa na mikono yangu mikavu, mdomo mtupu, na moshi wao unanipita puani. Hakuna kitu kigumu kwa mtu anayeacha sigara kama kukaa bure.

Nikamwona Dani anakuja na fimbo yake. Dani, ambaye hakuwa amefika ufuoni tangu magoti yaanze kumsumbua. Sigara isiyowashwa ilikuwa mkononi mwake.

"Nyar Sondu," alisema, hata salamu hakutoa. "Mimi nimekukosea nini? Unaniwekea chakula kwa mlango kama mtu analisha mbwa. Hii sigara nimekaa nayo tangu jana. Nani ataniwashia?"

 Nikafungua mdomo wangu wazi, nikaelekeza kidole juu. Dani akanishika kidevu, akanigeuza nielekee jua, akatazama. 

"Daktari amesema nini?"

Nikamwambia yote, mpaka lile la kukata.

"Hii imetoka kwangu," akasema polepole.

 Kukataa kungekuwa uongo, na kukubali kungekuwa utovu wa adabu. Dani akavuta karai moja tupu, akaligeuza, akalikalia kando yangu.

Na hapo hapo hamu ikaja. Auma alikuwa amewasha nyingine, mwanangu, na ile harufu ya kiberiti ikanipanda kichwani.  Nikasema, "Dani, siwezi. Wacha nivute moja tu, ya mwisho."

"Keti."

"Nimeketi."

"Basi keti zaidi."

Akanyoosha fimbo kuelekea ziwani. Kijana mmoja wa mashua ya karibu alikuwa amechoka kungoja. Aliruka majini na panga, akawa analikata lile gugu. Anakata huku, linafunga kule. Anasukuma mbele, linamrudia mgongoni. Alikuwa amelowa, amekasirika, anatukana, na mashua yake haikuwa imesogea hata kidogo. Kwenye mashua ya pili kulikuwa na mzee mmoja aliyekuwa amelaza kasia lake. Alikuwa anakula muhogo.

"Unaona huyo wa panga?" Dani akasema. "Huyo ni wewe. Tangu uanze hii mambo yako unapigana tu. Unapigana na wateja, unapigana na mwalimu wa kwaya, hata mimi unanikimbia. Nani alikuambia upigane? Hiyo kitu imeletwa na upepo, itaondolewa na upepo. Ona yule mzee, yeye anakula muhogo wake. Kazi yake ni kutoruka ndani, basi." Akafungua fundo la leso yake, akatoa kijiti cha mswaki, akanichomekea mdomoni mahali pale pale sigara ilipokuwa ikikaa. "Tafuna hiyo. Mimi macho yangu yamechoka. Niambie gugu inafanya nini."

"Halifanyi kitu, Dani."

"Angalia tu."

Nikatafuna, nikaangalia. Kwanza halikufanya kitu kweli. Niliapa moyoni kwamba bibi huyu amekuja kuniua. Kisha nikahisi upepo shingoni, kutoka upande wa nchi kavu. Nikamwambia Dani kuna ukingo umepinda. Baadaye nikamwambia naona mstari wa maji, mwembamba, kule kwenye nguzo za zamani zilizosimama majini. Kisha mstari ukawa njia. Yule mzee akapangusa mikono yake, akachukua kasia, akaingia taratibu, samaki wake wakiwa bado wazima. Kijana wa panga alikuwa bado anapanda mashua yake akihema. Nilikuwa nimesimama kumwonyesha Dani, nikicheka, ndipo nikagundua kwamba hamu haipo. Ilikuwa imepita, na mimi sikuiona ikipita.

"Imeenda?" Dani akauliza.

"Imeenda."

"Itarudi."

"Najua, Dani."

"Gugu pia itarudi kesho. Umesikia wavuvi wamehamia Kericho kuchuma chai kwa sababu yake?"

Akainuka kwa shida. Mama mmoja alikuwa anauza chai pale na jiko la makaa. Dani akamwomba koleo, akainama na yale magoti yake, akachukua kaa la moto, akalipuliza, akaiwasha sigara yake mwenyewe kwa kuivuta peke yake, mbele ya wanawake wote wa ufuo. Mama mkwe wa kwetu hajiwashii moto mke wa mwanawe akiwa amesimama hapo. Kila mtu aliona, na kila mtu alielewa. Nililia, na sikuona haya. Tangu siku ile mpaka anaondoka duniani, hakuniambia tena "niwashie."

Hamu ilirudi, usidanganywe. Ilirudi jioni ile ile. Ilirudi na chai, na mvua, na habari mbaya, na hata habari njema. Nilikuwa nikijisemea, haya, gugu limefunga, kisha natafuta cha kufanya mpaka lifunguke: nafua, nachambua omena, wale dagaa wetu, nakwenda kisimani hata maji yakiwepo. Na kila mara lilifunguka. Kadiri wiki zilivyopita likawa linakuja jembamba zaidi, na mara chache zaidi. Auma naye alijifunza. Mikono yangu ikiwa michafu alinichomekea kijiti cha mswaki, na wenzetu wakaniuliza kama siku hizi navuta miti. Kuna siku moja matangani nilivuta nusu. Sikusema basi nimeharibu yote. Niliitema, na kesho yake nikaendelea pale nilipoishia.

Masika yalipoisha nikarudi kwa yule daktari. Alimulika, akanigeuza huku na huku, akabonyeza kwa kidole.  Akasema palipokuwa pagumu pamelainika, na weupe umebaki kidogo tu pembeni, tutaendelea kupaangalia. Mimi nikabaki nimekaa mdomo wazi, nangoja lile neno baya lifuate.

"Funga mdomo, Mama," akasema akicheka. "Nenda ukauze samaki."

Nilirudi nyumbani nikiimba kwa sauti ya juu kabisa. Dani alikuwa ameningoja uani. "Fungua," akasema, akanigeuza tena kwenye jua na macho yake yale mabovu, akatazama kana kwamba angeona kitu. Kisha akaniambia niingie, amepika mwenyewe siku hiyo, samaki mbuta wa mchuzi, kwa ajili yangu. Tukakaa watatu, Dani, mimi na Baba Akinyi. Baba Akinyi akachukua kikombe chake cha maji kama kawaida. Mimi nikachovya ugali, nikatia mdomoni, na karibu niteme.

"Dani! Chumvi imezidi!"

Dani akaonja. "Iko sawa."

"Haiko sawa. Ni chumvi tupu!" Nikaonja tena, na hapo nikaelewa. Ilikuwa chumvi ile ile aliyotia siku zote, na ile ile niliyotia mimi, niliyefunzwa upishi jikoni kwake. Moto ulikuwa umetuunguza sote wawili tusijue tunakula nini. Nikamgeukia mume wangu. Kikombe chake kilikuwa kimesimama hewani. Alikiweka chini, akafunika uso kwa mikono miwili, mabega yakawa yanatikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka.

"Tangu nikuoe," alisema alipopata pumzi. "Tangu nikuoe!"

"Kwa nini hukusema?"

"Mlikuwa wawili."

Dani mwenyewe hakuacha. Alisema yeye na moto wamezeeka pamoja. Mimi nami sasa ni mama mkwe, na hakuna mke wa mwanangu aliyewahi kuniwashia kitu chochote isipokuwa jiko la chai.

Basi mwanangu, ninalotaka ushike ni hili. Hamu ikija, usiingie nayo ugomvi, na usiamini inapokuambia itakaa milele. Imekuja na itapita, uvute usivute. Kaa pembeni yake, upe mdomo na mikono kitu cha kufanya, mpaka upepo ugeuke. Usikimbilie mbali ukadhani umeshinda. Jifunze kukaa bila sigara pale pale ulipozoea kuivuta. Usiifanye siri pia, maana mimi nilimkimbia mtu aliyekuwa na msaada wangu kwenye fundo la leso. Mwambie mama yako inapokushika. Mwambie hata yule jogoo, baada ya kumwomba msamaha. Na ukianguka, amka ukaendelee pale ulipoishia.

Mungu akupe kifua chepesi na usingizi wa kutosha. Akupe watu wa kukaa kando yako wakati ziwa limefunga. Na siku moja, isiwe mbali, akujalie uonje mchuzi wa mama yako na umwambie ukweli.